"Mvulana wa wiki" katika komedi za zamani za runinga

Mvulana wa wiki ni mhusika anayeletwa katika kipindi kimoja ili binti wa nyumbani ampende. Kipindi kikiisha, hatajwi tena. Komedi za familia za Marekani za miaka ya 1950 hadi 1970 zimejaa vijana wa aina hii.

Chanzo chake ni biashara. Kila kipindi kilipewa nusu saa pamoja na matangazo, hadithi ikabakiwa na dakika kama 25. Baadaye vituo vingine vilivinunua vipindi hivyo na kuvirudia, pengine bila kufuata mfuatano, hivyo kila hadithi ilipaswa kuiacha nyumba kama ilivyoikuta. Binti hakuruhusiwa kuamka na machozi ya wiki iliyopita.

Mtazame Marcia wa The Brady Bunch, katika kipindi cha mwaka 1973. Amekwisha kumkubalia Charley kutoka naye. Akaja Doug, anayetamaniwa na shule nzima, na Marcia akamdanganya Charley kwamba amepatwa na jambo la ghafla. Kisha mpira uliorushwa na ndugu yake ukamgonga puani. Pua ikavimba, na Doug akamkwepa kwa kisingizio kilekile. Uongo ulistahili kukemewa, ni kweli. Ila fimbo iliyotumika ni sura yake, kana kwamba msichana hana kingine cha kupoteza. Hapo ndipo mtindo huu ulipowakosea wasichana waliokuwa wakitazama.

Gidget (1965–66, vipindi 32), ambamo Sally Field alimcheza binti wa jina hilo, ilipita njia ya ujanja zaidi: mpenzi wa binti huyo, Jeff, yuko mbali, anasoma Chuo Kikuu cha Princeton. Binti ana wake, na bado kila wiki mgeni anaweza kubisha hodi.

Usimchanganye mvulana wa wiki na mpenzi wa kudumu. Richard wa The Patty Duke Show anarudi mara kwa mara, na Chachi wa Happy Days alifika hadi kumwoa Joanie, mwaka 1984 mfululizo ulipokuwa ukimalizika.

Ukitaka kumpima mvulana yeyote, kiondoe kipindi chake chote, kisha tazama kinachofuata. Kama hakuna pengo, ni wa wiki. Muondoe Doug: Marcia yuko palepale, pua imepona, na simu ya nyumbani inaweza kulia tena.