Pedi ya joto haimpiki mtoto, ila ngozi yako inaweza kuungua

Swali hili huja kwa sauti ya chini, kana kwamba mama mjamzito anaungama kosa. "Dada, jana mgongo ulinizidi, nikalala na pedi ya joto. Nimemdhuru mtoto?" Namuuliza aliiweka wapi pedi hiyo ya umeme ya kukandia maumivu, na kwa muda gani, kisha namwomba ageuke nimwangalie mgongo. Kwa miaka yangu ya ukunga, mtoto mara nyingi hukutwa hana habari na lolote. Wenye habari ni mgongo.

Hofu yenyewe haikuzuka hewani. Joto la ndani la mwili likipanda na kupita nyuzi 39 za Selsiasi katika wiki za mwanzo, mtoto anaweza kupata hitilafu kwenye ubongo au uti wa mgongo. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga takriban siku ya 28 tangu mimba itungwe, wakati ambao wengine hata hawajashtuka kuwa hedhi imechelewa. Lakini angalia ni nini kinachofikisha mwili huko: homa kali isiyotibiwa, sauna (chumba cha joto kali), au kukaa kwenye beseni la maji ya moto mpaka uso unakuwa mwekundu. Humo mwili karibu wote umezingirwa na joto na hauna pa kulitolea.

Pedi iliyolazwa kiunoni ni habari nyingine. Inagusa kipande cha ngozi kinachotoshana na daftari. Damu inayopita hapo inachukua lile joto, inalisambaza, na sehemu nyingine zote za ngozi zinalitoa nje. Mgongo utapata moto, na kipimajoto cha mdomoni kitabaki palepale. Kwa hiyo mama mwenye maumivu ya kiuno au nyonga simkatazi. Tena kwa dawa, nafasi yake ni finyu: jamii ya ibuprofeni, dawa ya kutuliza maumivu, si ya kunywa kiholela katika ujauzito, na kuanzia wiki ya 20 inaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Joto la dakika chache halina deni hilo.

Linasaidiaje? Tumbo likikua linauvuta mgongo mbele, misuli ya kiuno inashinda imekaza, na homoni zinalegeza viungo vya nyonga ambavyo misuli hiyohiyo inalazimika kuvishikilia. Joto linatanua mishipa ya damu na kuilegeza misuli. Zaidi ya hapo linauzuga ubongo. Watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza mwaka 1965 kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na taarifa za kuguswa zikijaa langoni, zile za maumivu hupita kwa shida. Nadharia imerekebishwa mara nyingi tangu wakati huo, ila wazo hilo bado lina kazi.

Sasa turudi kwenye ngozi, maana hapo ndipo ninapoona madhara. Watu wanadhani kuungua kunahitaji kitu cha kuchemka. Sivyo. Mwaka 1947 watafiti Moritz na Henriques walipima jambo hili huko Marekani: kwa nyuzi 60 ngozi huungua ndani ya sekunde chache, na kwa nyuzi 44, joto ambalo mkono unalivumilia bila taabu, huungua pia, ila inachukua kama saa sita. Saa sita ni usingizi wa usiku mmoja. Ukiilalia pedi, uzito wako unaibana, joto halina pa kutokea, damu inapita kwa shida, na wewe umelala huna wa kukuamsha.

Kuna mama alinijia miezi saba ya ujauzito akiwa na alama za kahawia kiunoni, zimesukana kama wavu wa samaki. Haziumi, haziwashi. Alidhani ni ugonjwa wa ngozi na alikuwa ameshapaka krimu mbili. Ilikuwa pedi, kila jioni, wiki kwa wiki, kwa joto ambalo hata siku moja halikumuunguza. Tuliiondoa, na alama zikafifia taratibu kwa miezi. Kwa wengine hubaki.

Ninavyoelekeza ni hivi. Washa kwa kiwango cha chini kabisa, iguse kwanza kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, na uweke kitambaa kati yake na ngozi. Kaa, usiilalie. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, 20 ndiyo mwisho, na uweke kengele ya simu hata kama una hakika hutasinzia, kwa sababu mjamzito husinzia. Umeipaka ngozi dawa ya kuchua? Basi pedi isubiri siku nyingine, maana hizo mbili pamoja huunguza vibaya. Waya uliochubuka au pedi iliyokunjwa mpaka ikavunjika ndani ni ya kutupa. Anayetumia chupa ya mpira asitie maji yanayochemka, aijaze theluthi mbili, atoe hewa kabla ya kufunga. Mfuko wa nafaka wa kupashwa kwenye maikrowevu nao unadanganya: nje ni vuguvugu, katikati kuna moto. Uchanganye kwa mkono kabla hujauweka.

Mwenye kisukari kilichopunguza hisia miguuni asiweke joto miguuni kabisa.

Na tumboni? Hapo mimi ni mgumu kidogo. Sababu ni kwamba maumivu ya tumbo yanataka kujulikana kabla ya kutulizwa. Ule mchomo wa pembeni unaokuja ukinyanyuka ghafla huwa ni kano za mji wa mimba zinavutwa, na kubadili mkao kwa kawaida kunatosha. Lakini maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37, au yanayoambatana na damu au maji kutoka, hayakandwi. Vivyo hivyo maumivu ya ubavuni yenye homa, ambayo yanaweza kuwa figo, na maumivu chini ya mbavu za kulia pamoja na kichwa kuuma au macho kuona maruerue. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma ya goti kushuka chini, usiuwekee chochote, kwani huenda ni damu iliyoganda. Zote hizo ni za kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Siku ya uchungu joto linarudi tena kwa heshima. Kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, mkunga akikishikilia kwenye msamba wakati mama anasukuma, kinapunguza michaniko mikubwa. Ila mama aliyechomwa sindano ya ganzi ya mgongoni asiwekewe pedi wala chupa ya moto sehemu zilizokufa ganzi, wala asiitumie baadaye mpaka hisia zirudi zote, kwa sababu ngozi hiyo itaungua kimya kimya na hatujui mpaka tunapobadilisha shuka.