Muswada kupita na bima kuanza ni vitu viwili, tuelewane jamani

Juzi tena pale soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, nimesikia mama mmoja wa dagaa anamgombeza mwenzie, anamwambia wewe hujui haki zako, Bunge lilishapitisha bima ya afya kwa wote, sasa dawa unalipia ya nini? Na mwenzie ndo katoka kulipia vipimo vya mtoto, kanyamaza tu. Hii kauli ipo kila mahali, kwenye hiace za Buhongwa ipo, msibani ipo, hata kwa watu waliosoma ipo, na inaniuma kwa sababu anayeishia kutukanwa ni dada wa mapokezi kwenye zahanati ambaye kwenye hili jambo hana uamuzi hata mmoja. Kwa hiyo niandike, maana ya haya maneno nitaipitia haraka, muda mwingi nikae pale watu wanapochanganya.

Maana ni hii. Muswada ni pendekezo la sheria lililopelekwa bungeni. Ukipita Bunge na Rais akaukubali unakuwa sheria. Sheria ikishakuwepo inasubiri tarehe ya kuanza kutumika, na kanuni, yaani yale maelezo ya waziri ya nani analipa nini, lini, kwa utaratibu gani. Kanuni zikishakamilika na pesa ikapatikana ndo unakuja utekelezaji, ambao ndo ile siku wewe unafika dirishani na kadi inasoma. Basi. Mtu akisema "imepita" anaweza kuwa anaongelea hatua yoyote kati ya hizo, na hapo ndo balaa linaanzia.

Tuchukue huu huu wa bima ya afya kwa wote maana ndo unaotugombanisha. Septemba 2022 serikali ilipeleka muswada Dodoma ukasomwa kwa mara ya kwanza. Kusomwa mara ya kwanza hakuna mjadala wala kura, kinasomwa kichwa cha muswada halafu unaenda kwenye kamati, kamati ndo inaita wadau watoe maoni, madaktari, vyama vya wafanyakazi, mashirika, hata wewe mwananchi unaruhusiwa kupeleka maoni yako. Mara ya pili ndo waziri anasimama kuueleza na wabunge wanauchangia, baada ya hapo Bunge linakaa kama kamati nzima kupitia kifungu kwa kifungu, ndo inakuja mara ya tatu na muswada unapitishwa. Sasa watu wengi waliona picha za ile Septemba wakajua biashara imeisha, kumbe ndo kwanza imefunguliwa.

Na kilichofuata pale ndo mvutano wenyewe. Viwango vilivyotajwa na serikali mwaka ule vilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi 6, na 84,000 kwa mtu mmoja. Huku kwetu kaya nyingi zilizowahi kuwa na bima yoyote zilikuwa kwenye CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ile ya 30,000 kwa kaya ya watu 6. Piga hesabu, ni zaidi ya mara kumi na moja. Mvuvi wa Ukara au mkulima wa pamba wa Magu anayeshika hela ya maana mara moja kwa msimu, halafu unamwambia atoe laki tatu na arobaini kwa mkupuo, atazitoa wapi? Na muswada ule wa kwanza ulitaka uonyeshe bima ndo upate vitu kama leseni ya udereva na leseni ya biashara, watu wakapiga kelele kweli kweli, na mimi naona walikuwa na haki, kwa sababu bodaboda asiyekuwa na hela ya bima ukimnyima na leseni umemnyima hata njia ya kuitafuta hiyo hela.

Lakini swali gumu kuliko yote lilikuwa la wasio na uwezo. Ukisema kwa wote umewaingiza na bibi anayeishi peke yake Kwimba na yatima na mlemavu asiye na kipato, sasa nani anawalipia? Muswada ulitarajiwa kujadiliwa Novemba 2022, haukujadiliwa. Februari 2023 ukawekwa pembeni tena, na chanzo cha fedha kilikuwa bado ndo mfupa. Waziri wa Afya wakati ule alikuwa Ummy Mwalimu, na kila akisimama alikuwa anaulizwa hilo hilo. Watu waliona kama serikali inazungusha, mimi nasema kuchelewa kule kulikuwa na faida, maana kilichorudi bungeni kilikuwa na mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo na vyanzo vyake vimetajwa, zikiwemo kodi za vinywaji kama soda na pombe, na vipodozi, na michezo ya kubahatisha. Novemba 2023 Bunge likaupitisha.

Sasa hapa, Novemba 2023, ndo ile "imepita" ya yule mama. Ni kweli ulipita. Ila Katiba yetu ibara ya 97 inasema muswada hauwi sheria mpaka upitishwe na Bunge na kukubaliwa na Rais. Na kukubali kwa Rais siyo mapambo. Anaweza kukataa akaurudisha na sababu zake, na ukirudishwa hauwezi kupelekwa tena kwake ndani ya miezi 6 isipokuwa theluthi mbili ya wabunge wote wauunge mkono, na ukipelekwa hivyo Rais ana siku 21, aukubali au avunje Bunge. Watu hawaijui hii ibara na ndo inayoonyesha kwamba kura ya bungeni peke yake haikamilishi kitu. Kwa huu wa bima Rais Samia aliusaini, ikawa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Hapo ndo unaruhusiwa kuiita sheria, kabla ya hapo ilikuwa muswada hata kama wabunge waligonga meza mpaka mikono ikauma.

Na baada ya saini, dirishani kesho yake kulibadilika nini? Hakuna. Na hiyo siyo lazima iwe hujuma ya mtu, sheria nyingi ukisoma vifungu vya mwanzo kabisa utakuta imeandikwa itaanza kutumika tarehe ambayo waziri ataitangaza kwenye Gazeti la Serikali. Halafu kanuni, halafu mifumo ya kusajili kaya, halafu makubaliano na hospitali juu ya bei. Hilo la bei tuliliona wenyewe Machi 2024, hospitali binafsi nyingi zilisimamisha kupokea kadi za NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa sababu ya kitita kipya cha mafao, ile orodha ya huduma na bei ambazo mfuko unalipia, wanachama waliokuwa wanakatwa kwenye mshahara kila mwezi wakajikuta wanazungushwa, na pale hapakuwa na sheria yoyote iliyofutwa. Ulikuwa mgogoro wa bei tu na tayari watu wamekosa huduma. NHIF yenyewe sheria yake ni ya 1999 na mfuko ukaanza kazi 2001.

Ushahidi mwingine ni wa kampeni za 2025. Agosti 2025 mgombea wa CCM ambaye ndiye Rais aliyeisaini hiyo sheria aliahidi jukwaani kwamba ndani ya siku 100 za mwanzo bima ya afya kwa wote itaanza kwa majaribio. Soma vizuri, sheria ni ya 2023, ahadi ya kuanza majaribio imetolewa 2025. Hiyo nafasi katikati ndo wananchi wengi hatuulizi kabisa, tunauliza "imepita?" tukijibiwa ndiyo tunapiga makofi tunaondoka.

Na siyo sisi peke yetu. Marekani walipigana vita kubwa sana kwenye hili, Seneti ikapitisha yao tarehe 24 Desemba 2009 kwa kura 60 kwa 39, kabla Baraza la Wawakilishi halijamalizana nayo kiti cha marehemu Ted Kennedy kikachukuliwa na Scott Brown wa Republican, chama kilichokuwa kinapinga, chama cha Obama kikapoteza ile kura ya 60 kilichokuwa kinaitegemea ili wapinzani wasiukwamishe Seneti, ikabidi Baraza liukubali ule ule wa Seneti kama ulivyo, 219 kwa 212, tarehe 21 Machi 2010, na Obama akasaini siku mbili mbele. Sherehe kubwa. Ila yale masoko ya bima na ruzuku zake, ambayo ndo moyo wa sheria yenyewe, bima zake zilianza kufanya kazi Januari 2014. Karibu miaka minne. Na 2017 Republican wakataka kuivunja, usiku mmoja wa Julai John McCain ambaye ni wa chama hicho hicho akapiga kura ya hapana kwenye Seneti, 49 kwa 51, sheria ikabaki. Kwa hiyo hata ikishaanza mvutano haujaisha.

Jirani zetu Kenya vilevile. Ruto alisaini sheria yao ya bima ya jamii tarehe 19 Oktoba 2023, watu wakaenda mahakamani, ikasimamishwa, ikabishaniwa mwaka mzima karibu, na SHA, yaani mamlaka yao mpya ya bima ya afya, ikaja kuanza tarehe 1 Oktoba 2024. Hapa niseme kitu maana kimetuchanganya sana huku ziwani: mfuko wa zamani wa Kenya nao uliitwa NHIF, wenyewe ndo uliofutwa. Clip za Kenya zinavuka mpaka wa Sirari zinaingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya Musoma na Mwanza, mtu anasikia kwa Kiswahili safi "NHIF haipo tena" anaenda kumuuliza mhasibu wa kazini kwake mbona anakatwa. NHIF ya kwetu ni nyingine, msiwatishe wastaafu.

Lingine dogo nilipitie. Kwa wote haina maana ya bure. Kwa wote ina maana kila mkazi awe ndani ya bima, mwenye mshahara akatwe, asiye na mshahara achangie, asiye na uwezo alipiwe na huo mfuko baada ya kutambuliwa. Ndugu yangu uliye na duka Igoma wewe utachangia, jiandae tu.

Kwa nini nasumbuka na hizi hatua hivi? Kwa sababu kila hatua ina mwenyewe. Muswada ukiwa kwenye kamati, mwenye swali lako ni kamati, na mbunge wako unampigia simu kabla hajapiga kura. Ukishapita, swali ni la Rais. Ukisainiwa, tarehe na kanuni ni za Waziri wa Afya. Pesa ya wasio na uwezo ni ya bajeti, na bajeti inajadiliwa bungeni kila mwaka Aprili mpaka Juni, kwa hiyo mbunge anayekwambia "sisi tulishapitisha" bado unayo haki ya kumuuliza mwaka huu mmetenga shilingi ngapi. Tukiyaita yote "imepita" hao wote wanapumzika, na hasira zote zinaenda kwa nesi wa zamu ya usiku.

Kwa hiyo mama yangu wa dagaa, shikamoo, na mwenzio umsamehe maana hakukosea kulipa. Ukitaka kusema sawasawa sema Bunge lilipitisha muswada Novemba 2023, Rais akasaini, ikawa sheria. Halafu mtu akikwambia imeanza, muulize imeanza kwa kina nani, kwa kiasi gani kwa kaya, na kadi inapokelewa hospitali zipi hapa mjini, na kama hana majibu nendeni wote wawili ofisi ya mtendaji wa kata mkaulizie pale usajili wa kaya umefikia wapi.