Kabla ya Kununua Kidonge cha Kuondoa Wasiwasi

Wengi wanaokuja kwetu wataalamu wa lishe wakilalamikia wasiwasi huwa na swali moja tayari mdomoni: nitumie vitamini gani? Hatuwalaumu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 walikuwa wakiishi na matatizo ya wasiwasi, na wengi wao hawafikiwi na tiba yoyote. Kidonge kinachouzwa bila cheti cha daktari, kwenye chupa yenye picha ya jani na maneno "hutuliza akili", kinaonekana njia ya mkato. Tatizo ni kwamba swali hilo limeruka hatua. Kabla ya kuuliza uongeze nini, angalia kwanza unakula na kunywa nini, saa ngapi, na kama kweli kuna kitu mwili wako umepungukiwa.

Wasiwasi wa kabla ya mtihani, usaili wa kazi au majibu ya hospitali si ugonjwa. Jambo likipita, nao hupita. Huwa ugonjwa unapomkaa mtu karibu kila siku kwa miezi, ukamnyima usingizi na kumvurugia kazi na mahusiano, hata pale asipoweza kusema anaogopa nini hasa. Tiba zenye ushahidi wa kutosha ni ushauri wa kisaikolojia, hasa ule unaomzoeza mtu kuchunguza mawazo yake na kukabili anachokiogopa hatua kwa hatua, na dawa pale zinapohitajika. Chakula hakichukui nafasi ya hayo. Ila mwili usiolishwa vizuri, au uliojazwa vichangamsho, hutoa dalili zilezile za wasiwasi, na hapo hata tiba nzuri hufanya kazi kwa shida.

Njaa na adrenalini

Kati ya 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani kilifanya jaribio ambalo leo lisingepata kibali kirahisi. Vijana wa kiume 36 waliojitolea, waliochaguliwa kwa sababu walikuwa wazima wa mwili na akili, walipunguziwa chakula kwa karibu nusu kwa muda wa miezi 6, hadi wakapoteza takriban robo ya uzito wao. Ancel Keys, aliyeliongoza, alitaka kujua namna bora ya kuwarudishia afya watu waliosakamwa na njaa ya vita. Lakini pamoja na kukonda, vijana wale walibadilika tabia. Wakawa wepesi wa hasira, wakaingiwa na huzuni na mashaka, wakajitenga na wenzao, na mawazo yao yote yakahamia kwenye chakula. Baadhi walianza kukusanya vitabu vya mapishi.

Sehemu ndogo ya hali hiyo unaweza kuionja kwa siku moja tu. Mtu akikaa muda mrefu bila kula, au akinywa kinywaji kitamu peke yake badala ya mlo, sukari ya damu inaweza kushuka kiasi cha mwili kutoa adrenalini ili ini liachie akiba yake. Adrenalini hiyo ndiyo ileile inayotoka tunapoogopa. Mikono hutetemeka, jasho jembamba hutoka, moyo hudunda. Mtu aliyekwisha kuwa na tatizo la wasiwasi akihisi hivyo hasemi "nina njaa". Anasema kuna baya linakuja, na wazo hilo huleta adrenalini nyingine. Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza hauna mvuto wowote: kula kwa saa zinazoeleweka, na kila mlo uwe na protini na vyakula vyenye nyuzinyuzi, ambavyo hupandisha sukari polepole na kuishusha polepole. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari asiishie kubahatisha. Akitetemeka na kutokwa jasho, apime sukari hapohapo, na kama hana kipimo achukulie kwamba imeshuka na apate kitu kitamu.

Kafeini

Kama kuna badiliko moja tu ambalo mgonjwa yuko tayari kulifanya mwezi huu, mimi humwomba aanzie kwenye kafeini, kichangamsho kilichomo kwenye kahawa na chai. Kadiri tunavyokaa macho, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, ambayo ndiyo hutuletea usingizi. Kafeini hukaa kwenye vipokezi vya adenosini na kuizuia isifanye kazi. Uchovu haujaondoka, taarifa yake tu ndiyo imezuiwa. Wakati huohuo moyo na mishipa ya fahamu vinachochewa, na majaribio yameonyesha kuwa kwa watu wenye ugonjwa wa mashambulio ya hofu, dozi kubwa ya kafeini inaweza kuamsha shambulio kamili.

Kinachowashangaza wengi ni muda inaokaa mwilini. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini huondoka baada ya takriban saa 5. Aliyekunywa vikombe viwili vya kahawa saa 10 jioni, tuseme jumla ya miligramu 200, saa 3 usiku bado ana takriban 100, na saa 8 usiku, anapogeukageuka kitandani akihesabu matatizo yake, bado ana karibu 50. Hiyo ni sawa na kikombe cha chai. Vidonge vya uzazi wa mpango huongeza muda huo. Uvutaji sigara huufupisha, na hapa kuna mtego: anayeacha sigara huku akiendelea na kahawa kwa kiwango kilekile, kafeini hupanda mwilini mwake, naye huamini kuwa kutetemeka kote kunatokana na kuacha sigara.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya (EFSA) ilieleza mwaka 2015 kuwa hadi miligramu 400 kwa siku hazileti shaka ya usalama kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Hicho ni kikomo cha watu wazima wasio na tatizo. Mwenye wasiwasi mkali anaweza kusumbuliwa na kiasi kidogo zaidi. Hesabu chai, soda aina ya kola, vinywaji vya kuongeza nguvu na baadhi ya dawa za kichwa, kisha punguza kidogokidogo kwa wiki moja au mbili. Ukikata ghafla utaumwa kichwa na kuwa na hasira, kisha utarudi kwenye kikombe kwa kishindo.

Pombe nayo ina mkasa wake. Hutuliza kwa saa chache kwa kuongeza nguvu ya kemikali za ubongo zinazopunguza msisimko. Ikiisha, ubongo hujibu kwa kusisimka kupita kiasi, na asubuhi wasiwasi huwa mkali kuliko wa jana. Anayekunywa sana kila siku asiache peke yake kwa ghafla, kwa sababu anaweza kupata degedege. Hilo ni jambo la kusimamiwa na daktari.

Upungufu unaojifanya wasiwasi

Mwanamke mwenye hedhi nzito anaanza kuhisi moyo ukimwenda mbio akipanda ngazi. Pumzi inakuwa fupi, kichwa chepesi, usingizi hauridhishi. Anaambiwa apunguze mawazo. Kipimo cha damu kinaonyesha upungufu wa madini ya chuma. Hali kama hii tunaikuta mara nyingi mno, na ndiyo inayonifanya nisisitize vipimo kabla ya vidonge. Vitamini B12 nayo ikipungua huweza kuleta ganzi miguuni, usahaulifu na mabadiliko ya hisia. Walio hatarini zaidi ni wasiotumia kabisa nyama, samaki, maziwa wala mayai, wazee, na wanaotumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi. Tezi ya thairoidi iliyozidisha kazi pia huleta mapigo ya haraka, jasho, kukonda na wasiwasi, na hakuna mlo utakaoitibu.

Kwa watu hawa nyongeza ya virutubisho ni tiba halisi, na wengine hupata nafuu kubwa. Lakini chuma kisitumiwe kwa kukisia. Wapo wanaorithi hali ya kuhifadhi chuma kupita kiasi, ambao kwao vidonge hivyo huharibu ini. Na chupa ya vidonge vya chuma iliyoachwa karibu na mtoto mdogo inaweza kumuua. Anayeandikiwa chuma aepuke kukimeza pamoja na chai au kahawa, kwa sababu hupunguza ufyonzwaji wake. Tunda lenye vitamini C husaidia.

Utafiti unasema nini kuhusu mlo

Ushahidi ulio imara zaidi uko upande wa sonona kuliko wa wasiwasi. Mwaka 2017 Felice Jacka na wenzake nchini Australia walichapisha jaribio lililohusisha watu 67 wenye sonona. Kundi moja lilipata mikutano na mtaalamu wa lishe na kuhamia kwenye mlo wenye mboga, matunda, nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, samaki na mafuta ya zeituni. Kundi la pili lilipata mtu wa kuzungumza naye tu. Baada ya wiki 12, asilimia 32 ya kundi la kwanza walikuwa wamepona dalili kwa kiwango cha kitabibu, dhidi ya asilimia 8 ya kundi la pili. Jaribio lilikuwa dogo na washiriki walijua wako kundi gani, hivyo tusilibebeshe zaidi ya uwezo wake. Hata hivyo mlo wa aina hiyo hulinda moyo na kusaidia sukari na shinikizo la damu, kwa hiyo hata kama wasiwasi hautapungua, hujapoteza kitu.

Utasikia pia kwamba asilimia 90 ya serotonini, kemikali inayohusishwa na hisia, hutengenezwa tumboni, na kwamba ukila chakula fulani "furaha" itapanda hadi kichwani. Sehemu ya kwanza ni kweli kwa kukadiria. Ya pili si kweli: serotonini ya utumbo haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Utumbo na ubongo huwasiliana kwa njia nyingine, ukiwemo mshipa wa fahamu wa vagasi.

Sasa vidonge vyenyewe

Mafuta ya omega-3 yana dalili nzuri kiasi. Uchambuzi wa majaribio 19 uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kupungua kwa dalili za wasiwasi, hasa kwenye dozi za gramu 2 au zaidi kwa siku. Lakini dozi kubwa zimehusishwa na ongezeko la mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo aulize kwanza. Magnesiamu ina ushahidi dhaifu. Huharisha ikizidi, na ni hatari kwa mwenye figo mbovu. Vitamini D inamfaa aliyepungukiwa nayo. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2020, lenye washiriki zaidi ya 18,000, halikuona kwamba inazuia sonona.

Tusimame kidogo kwenye vitamini B6. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, waliwapa vijana miligramu 100 kwa siku kwa takriban mwezi mmoja, na vijana hao wakasema wasiwasi wao umepungua. Habari ikasambaa. Kilichosambaa kidogo ni kwamba mahitaji ya mtu mzima ni chini ya miligramu 2 kwa siku, na kwamba B6 nyingi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Mwaka 2023 EFSA iliweka kikomo cha miligramu 12 kwa siku. Geuza chupa usome lebo kwa utulivu. Kiwango kilichoandikwa ni cha kidonge kimoja au vidonge viwili? Ukiona miligramu 25 kwenye kidonge cha "mishipa", 10 kwenye multivitamini na 5 kwenye poda ya kuchanganya na maji, umeshafika 40 bila kukusudia. Ukianza kuhisi ganzi au kuchomachoma vidoleni, acha na umwone daktari.

Mitishamba ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu ya imani kwamba kitu cha asili hakidhuru. St. John's wort huliamsha ini livunje dawa haraka, hivyo hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, baadhi ya ARV, dawa za kuzuia damu kuganda na dawa za waliopandikizwa viungo. Ikichanganywa na dawa nyingi za sonona inaweza kupandisha serotonini hadi kiwango cha hatari. Kava, inayotoka visiwa vya Pasifiki, ilipunguza wasiwasi kwenye baadhi ya majaribio, lakini Ujerumani iliondoa dawa zake sokoni mwaka 2002 kutokana na taarifa za ini kuharibika. Mahakama ilitengua uamuzi huo miaka 12 baadaye, na mjadala haujaisha. Ashwagandha, mmea wa tiba za jadi za India, ina majaribio madogo yenye matokeo ya kutia moyo, pamoja na taarifa za madhara ya ini na ya thairoidi. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Mjamzito aiepuke.

Usidhani pia kwamba kitu kikiwa rafuni kimekaguliwa. Nchini Marekani, kwa mfano, sheria ya 1994 haimlazimu mtengenezaji wa virutubisho kupata kibali cha usalama na ufanisi kabla ya kuuza, na nchi nyingi zina taratibu nyepesi kwa bidhaa hizi kuliko kwa dawa.

Ukienda kliniki, beba chupa zote, hata zile unazoziona hazina maana: za nywele, za kucha, za mazoezi. Bayotini, mojawapo ya vitamini B, ndiyo mfano ninaoutaja kila mara. Vidonge vya nywele huweza kuwa na miligramu 5 hadi 10, wakati mahitaji ya siku ni mikrogramu 30 hivi, na kiasi hicho huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara. Majibu yanaweza kuonyesha kwamba thairoidi imezidisha kazi kwa mtu ambaye tezi yake ni nzima, akaanzishiwa dawa zisizomhusu. Mweleze daktari kabla ya kutolewa damu. Kwa kawaida huambiwa uache bayotini angalau siku 2 kabla ya kipimo cha thairoidi.