Je, Wajua Kwa Nini Vijia vya Mashambani Ufaransa Huishi kwa Kukanyagwa?

Mtu anayefika Beuvron-en-Auge, kijiji kidogo cha Normandie chenye nyumba za kale za boriti na wakazi wasiofikia mia tatu, anaweza kuegesha gari lake kando ya kijiji, akatafuta mstari wa rangi ya njano uliopigwa kwenye nguzo au shina la mti, kisha akaifuata mistari ya aina hiyo kupanda kilima hadi kanisa dogo la Clermont-en-Auge, ambako bonde la mto Dives hutandazika lote chini ya macho yake. Hahitaji kiongozi, tiketi wala ruhusa ya mtu. Atapita kati ya mashamba ya mitufaha, ataingia kwenye kivuli cha msitu, na mahali pengine atapita karibu na nyumba ya mkulima kiasi cha kusikia vyombo vikigongana jikoni. Kwa kuwa sheria ya Ufaransa humlinda sana mwenye ardhi, ni haki kuuliza imekuwaje mgeni akatize mashamba ya watu mchana kweupe na asiulizwe neno.

Jibu ni kwamba mara nyingi kijia anachokanyaga si cha mkulima. Ni cha kijiji. Tangu kale ardhi ya Ufaransa imegawanywa katika vipande vidogo vidogo, na Kanuni ya Sheria za Kiraia ya mwaka 1804, iliyoamuru watoto wagawane urithi kwa usawa, ilizidi kuvikata vipande hivyo kizazi baada ya kizazi. Kila kipande kilihitaji mahali pa kupitisha mkokoteni na mifugo, na kila kitongoji kilihitaji njia ya kwenda kisimani, kinuni, kanisani na sokoni. Hivyo ukafumwa mtandao wa vijia ambao sheria ya tarehe 20 Agosti 1881 iliuwekea utaratibu wake, ikiviita kwa jina linalotumika hadi leo, yaani chemins ruraux, njia za mashambani. Ufaransa ina serikali za mitaa zipatazo elfu 35, ambazo zaidi ya nusu zina wakazi chini ya 500, na hizo ndizo zenye vijia hivyo.

Hata hivyo, umiliki huo una tundu. Barabara za kijiji zilizosajiliwa kuwa mali ya umma haziuzwi, wala hazichukuliki hata mtu akizikalia miaka mia. Njia ya mashambani, kinyume chake, huhesabiwa kuwa mali binafsi ya kijiji iliyotengwa kwa matumizi ya watu wote. Kwa hiyo halmashauri inaweza kuiuza ikiwa watu wameacha kuitumia, baada ya kuwasikiliza wananchi katika uchunguzi wa hadhara. Tena mkulima aliyeifungia ndani ya uzio wake na kuishikilia kwa miaka 30 bila kupingwa anaweza kudai mahakamani kwamba sasa ni yake. Ushahidi unaopima uhai wa njia ni matumizi yenyewe: sheria hudhani kwamba njia ni ya umma pale inapoonekana kuwa watu hupita, au kijiji kinapoitunza. Nyayo za mtembezi wa Jumapili, asiyejua hata kifungu kimoja cha sheria, zina uzito mbele ya hakimu.

Uzito huo ulikuja kuthaminiwa baada ya hasara kubwa. Katika karne ya 20, na hasa miaka ya 1960 na 1970, serikali iliendesha mpango wa kuunganisha vipande vya mashamba, uitwao remembrement, ili trekta zipate nafasi ya kugeuka na mavuno yaongezeke. Mavuno yaliongezeka kweli, na mkulima aliyekuwa akihangaika na vipande kumi vilivyotawanyika hakuwa na sababu ya kulalamika. Lakini wigo wa miti uliokuwa ukizunguka kila konde uling'olewa katika maeneo mengi, na pamoja nao zikafukiwa zile njia zilizozama katikati ya kingo mbili za udongo, zilizochimbwa na magurudumu na maji ya mvua kwa karne kadhaa mpaka mtu mzima anatembea ndani yake bila kuonekana kutoka shambani. Kule Normandie zingalipo chache. Wanajeshi wa Marekani waliopigana humo mwaka 1944 walizichukia, maana kila wigo uliweza kumficha adui. Mtembezi wa leo huzipenda kwa sababu hiyo hiyo, kwamba humo jua na upepo havimfikii.

Watu wa mjini walikuwa wamekwisha kuanza kuvitafuta vijia kwa starehe tu. Mwaka 1842 Claude François Denecourt, aliyewahi kuwa askari wa Napoleon, alianza kufungua njia za matembezi katika msitu wa Fontainebleau, kusini mwa Paris, akazitia alama za rangi ya buluu ili mgeni asipotee. Karne moja baadaye, mwaka 1947, kamati iliyoongozwa na fikra za msanifu majengo Jean Loiseau iliweka alama za njia ndefu ya kwanza kando ya mto Loire, kati ya Orléans na Beaugency. Kamati hiyo ndiyo iliyozaa shirikisho la leo la watembezi wa miguu, ambalo alama zake zimeenea kwenye zaidi ya kilomita 180,000 za njia.

Lugha ya alama hizo hujifunzwa kwa dakika tano. Mstari mweupe juu ya mwekundu ni njia ndefu inayovuka mikoa. Njano juu ya nyekundu ni mzunguko wa siku kadhaa ndani ya eneo moja. Njano peke yake ni matembezi mafupi yasiyozidi siku moja, na hayo ndiyo yanayomfaa mwenye watoto au magoti mabovu. Katika vitabu vya shirikisho, matembezi ya chini ya saa tatu huhesabiwa kuwa mepesi. Mistari miwili iliyokatizana kama herufi X humwambia msafiri kwamba amekosea, arudi. Alama hizi hupigwa na watu wanaojitolea, ambao kazi yao nimeipenda kwa unyenyekevu wake: mmoja hukwangua kuvu na gamba lililolegea kwa brashi ya waya, bila kuujeruhi mti, mwingine huweka kigezo chenye tundu la urefu wa sentimita 10 hivi na upana wa sentimita 2, kisha rangi hupitishwa juu yake mara moja tu, na mkasi wa bustani hukata tawi ambalo lingeifunika kufikia majira ya joto. Baada ya miaka michache rangi hufifia, nao hurudi.

Kwa sheria ya mwaka 1983, kila mkoa mdogo uitwao département unaweza kuwa na orodha rasmi ya njia za matembezi. Njia ya mashambani ikiingizwa humo kwa idhini ya halmashauri, kijiji hakiwezi kuiuza kabla ya kutoa njia mbadala inayofaa. Baadhi ya njia zilizomo hupita kwenye ardhi ya watu binafsi kwa mkataba, na hapo mtembezi ni mgeni aliyekaribishwa tu. Ufaransa haina ile desturi ya Sweden inayompa kila mtu haki ya kutembea porini. Msitu hufunika karibu theluthi moja ya nchi, lakini robo tatu ya misitu hiyo ina wenyewe, na tangu sheria ya tarehe 2 Februari 2023 anayeingia kwenye ardhi ya mtu iliyowekewa kibao cha katazo anaweza kutozwa faini ya yuro 135.

Mashamba ya matunda yana adabu yake. Mitufaha ya asili ya Pays d'Auge, sehemu ya Normandie kilipo kijiji cha Beuvron, huachwa iwe na mashina marefu ili ng'ombe walishe chini yake bila kuyafikia matawi, na ndiyo sababu kijia huwa na mwanya wa kupinda ambao binadamu hupenya na ng'ombe hushindwa. Mwezi wa Mei miti huwa myeupe kwa maua. Katika vuli matunda huachwa yaanguke yenyewe, kisha huokotwa kwenye nyasi kwa ajili ya cidre, kinywaji cha matufaha yaliyochachuka. Basi anayeokota tufaha moja akidhani ni masazo ameokota mavuno ya mwenyewe. Majira hayo pia ni ya uwindaji, unaoanza mnamo Septemba na kuendelea hadi Februari, na anayeona kibao cha kutangaza msako wa nguruwe mwitu afanye busara ya kubadili njia, hata kama amekwisha panda nusu ya kilima.

Wakulima wengine bado hulima juu ya njia, ingawa ni marufuku, na ngano huota pale palipokuwa na kijia. Mwaka 2022 Bunge liliviruhusu vijiji kuamua kuhesabu njia zao zote, na wakati wa hesabu hiyo, kwa muda usiozidi miaka miwili, ile saa ya miaka 30 inayomnufaisha aliyezifungia husimamishwa. Kijiji kinachoamua hivyo hulazimika kufungua ramani za zamani na kulinganisha mistari yake na kilichobaki ardhini, na mara nyingine mstari ulio wazi kwenye karatasi huishia, huko shambani, kwenye ukuta wa miiba.