Mimea ya baridi kali na joto la dunia: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Kuchunguza mimea ya baridi kali inavyoitikia joto la dunia ni kazi ya watu wa Aktiki, kule Ncha ya Kaskazini." Si kweli. Asubuhi isiyo na mawingu, ukiwa ghorofani Nairobi, unauona Mlima Kenya wenye kimo cha mita 5,199. Ukipita mita 4,000, jua huchoma mchana na usiku maji yakaganda, karibu mwaka mzima. Senesio kubwa, mimea ya huko yenye shina nene, hufunga majani machanga jua linapotua. Majani makavu nayo hayadondoki, yanabaki yamelivika shina kama koti. Lobelia mojawapo, mmea mwingine wa huko, hukinga maji katikati ya majani yake. Usiku uso wa maji huganda, chipukizi lililo chini likasalimika. Mimea iliyoizoea baridi namna hiyo haikawii kuonyesha baridi inapopungua.

"Barafu ikiyeyuka, yanabaki mawe matupu." Kwa muda tu. Kwenye barafu ya Tyndall, mojawapo ya barafu za Mlima Kenya, watafiti wamekuwa wakirudi kupima umbali kati ya ukingo wa barafu na mmea wa kwanza. Kati ya 1958 na 1997 barafu ilirudi nyuma takribani mita 3 kwa mwaka. Kati ya 1997 na 2002, takribani mita 10. Senecio keniophytum, mmea mdogo unaotangulia kuota kwenye changarawe, uliifuata kwa kasi inayokaribiana na hiyo.

"Basi kijani kikiongezeka ni heri." Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana husemwa hata na watu waliosoma. Mlima huzidi kuwa mwembamba kuelekea kileleni. Mimea ya chini ikipanda, ile ya juu inabanwa, na juu yake hakuna pa kuhamia. Hata Antaktika, yenye aina 2 tu za asili za mimea ya maua, zote zimeongeza kasi ya kuenea kwenye kisiwa cha Signy tangu 2009. Kupungua kwa sili, wanyama wa baharini wanaoikanyaga mimea hiyo, kumechangia pia, ndiyo maana mtafiti makini hapimi joto peke yake.

"Mbona Julai hii Nairobi tumetetemeka?" Wiki chache za baridi hazifuti mwelekeo wa miongo.

Na si lazima upande mlima kuanza uchunguzi huu. Kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa pale Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kuna vielelezo vya zamani vyenye lebo za mahali na tarehe vilipochumwa. Mwanafunzi anaweza kuvilinganisha na mimea inayoota mahali hapohapo leo.