Ridhaa ya mwenza ni nini?

Dalali wa Nkuhungu, Dodoma, akikuletea mteja wa nyumba ataulizia hati. Ukifika kwa wakili, swali linageuka: "Mama yupo?" Hapo ndipo ridhaa ya mwenza inapoanzia.

Ni kibali cha maandishi cha mke au mume kwamba nyumba wanayoishi iuzwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mmoja kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila mwenzake kukubali, maadamu ndoa ipo. Jina kwenye hati halibadilishi kitu. Hapa Dodoma bado utakutana na karatasi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu iliyovunjwa 2017, zenye jina la baba peke yake, na baba ameshajiaminisha kwamba mama hahusiki. Anahusika, na akisikia fununu za mauzo anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati.

Karatasi yenyewe ni fupi: jina, namba ya kiwanja na kitalu, picha, sahihi mbele ya wakili, mhuri. Inaambatana na mkataba wa mauziano na fomu za uhamisho. Niliwahi kumwona mama mmoja akisukumiwa ukurasa wa mwisho, kidole cha mwenye haraka kikiwa juu ya mstari: "Saini hapa." Akairudisha karatasi mwanzo, akavaa miwani, akasoma. Chumba kizima kilimsubiri, na kilistahili kusubiri.

Mwenza akiwa amefariki, ni habari ya mirathi. Mkiwa mmeachana, lete hati ya talaka.

Asiye na ndoa huapa kiapo kwamba hana mke wala mume, na hapa ndipo uongo hupita. "Hatujafunga ndoa, tunaishi tu." Kifungu cha 160 cha sheria hiyo hiyo kinasema waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi, wakajulikana kama mke na mume, huhesabiwa wameoana hadi ithibitike vinginevyo. Mjumbe anajua, na muuza genge anajua.

Nyumba ikiuzwa bila ridhaa, mnunuzi anaweza kujikuta ameinunua pamoja na haki ya mama kuendelea kuishi humo hadi ndoa ivunjwe au mahakama iamue. Atanusurika akionyesha kwamba hakujua, wala asingeweza kujua hata angeulizia vya kutosha. Kama siku aliyokuja kukagua kulikuwa na kanga zimeanikwa uani, utetezi huo ni mgumu.