Matumbawe laini yakiteka akwaria: yanayosemwa na yaliyo kweli

Lubumbashi, mji wetu wa kusini-mashariki mwa Kongo, iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Chumvi ya kutengenezea maji ya akwaria (tangi la kioo la kufugia viumbe wa majini) inaingia kwa lori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, taa na pampu tunaletewa na ndugu wanaosafiri. Hata hivyo tupo tunaofuga matumbawe sebuleni, na wengi tunaanza na yale laini kwa sababu ni mavumilivu. Umeme ukikatika, au maji yakipoa usiku wa mwezi wa sita, yanajikunja tu, na kesho yake yanafunguka kana kwamba hakuna lililotokea. Uvumilivu huohuo ndio unaoyawezesha kuja kuteka tangi zima. Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika kwenye simu. Sehemu ya ushauri huo inakula pesa bure, na sehemu nyingine inaweza kumlaza mtu hospitali. Nianze na hiyo inayolaza watu.

"Chemsha maji, mwagia jiwe, yatakufa yote"

Nimelisikia hili kutoka kwa watu wenye akili zao, tena wenye nia njema. Kijana mmoja wa mtaa wa Golf aliniambia kwenye simu, "Yaya (ndivyo huku tunavyomwita mkubwa wetu), birika liko motoni, nikishamwagia nitasugua na brosi ya chuma." Nilimwomba azime jiko kwanza, ndipo tuongee.

Kati ya viumbe tunavyoviita matumbawe laini kwa mazoea, kuna zoantidi: polipu (vinyama kama mirija yenye mdomo juu) fupi zenye uso wa duara na mikono midogo kuzunguka ukingo, zinazoota zikiwa zimebanana juu ya jiwe. Kwa ukoo ziko karibu zaidi na matumbawe magumu kuliko na yale laini, lakini madukani huuzwa pamoja. Jenasi moja kati yao, Palythoa, inaweza kubeba sumu inayoitwa palitoksini. Sumu hiyo ilitengwa kwa mara ya kwanza Hawaii, na wanakemia Richard Moore na Paul Scheuer wakaitangaza mwaka 1971. Mpaka leo inahesabiwa miongoni mwa sumu kali kabisa zinazojulikana kutoka viumbe hai. Kila seli ya mwili ina pampu inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Palitoksini huing'ang'ania pampu hiyo na kuiacha wazi kama mlango uliong'olewa komeo. Sodiamu inaingia, potasiamu inatoka, na misuli, moyo ukiwemo, inaanza kushindwa kufanya kazi.

Maji ya moto hayaiharibu sumu hii. Kinachotokea ni kwamba mvuke unabeba matone madogo yenye sumu moja kwa moja hadi kwenye mapafu ya aliyeshika birika, na ya kila aliyemo nyumbani. Kusugua jiwe kavu kwa brosi ya chuma, au kulipuliza kwa mashine ya maji ya shinikizo, kunaleta matokeo yaleyale. Mwezi wa Machi 2018, katika kijiji cha Steventon, Oxfordshire, Uingereza, familia nzima ilipelekwa hospitali baada ya kusafisha akwaria, na baadhi ya wazimamoto waliokwenda kuwasaidia wakapelekwa pia. Huko Alaska, kati ya 2012 na 2014, wataalamu wa afya wa Marekani walirekodi matukio ya aina hii madukani na majumbani, na waliougua ni pamoja na watu ambao hawakuligusa jiwe lenyewe.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa huku kuliko wenzetu wa Ulaya. Dalili za sumu hii ni homa, kutetemeka, kikohozi, kifua kubana, misuli kuuma, mwili kuishiwa nguvu, na mara nyingi ladha chungu ya chuma mdomoni. Zinaweza kuja saa kadhaa baada ya kazi. Mtu wa Lubumbashi akipata homa na kutetemeka jioni, kila aliye nyumbani atasema ni malaria. Atameza dawa, atalala, na daktari hataambiwa kamwe kwamba mchana kulikuwa na jiwe la bahari kwenye beseni. Dawa ya kuiua palitoksini mwilini haipo. Mgonjwa husaidiwa kupumua na kuangaliwa moyo, kwa hiyo daktari anapaswa kujua mapema. Pimeni malaria, ndiyo, lakini mtajeni na huyo mnyama wa akwaria.

"Nina glavu, basi niko salama"

Glavu ni lazima, ila hazitoshi. Polipu ikibanwa hutema maji, na tone moja likiingia jichoni linaweza kuijeruhi konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Vaa miwani inayoziba pembeni. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wala matone madogo, kwa hiyo kinga ya kweli ni kutoruhusu matone hayo yatokee: jiwe libaki ndani ya maji wakati wote wa kazi. Mwenye kidonda mkononi amwachie mwingine. Na tuache kabisa ile tabia ya kuvuta mpira kwa mdomo ili maji yashuke, kama wafanyavyo wanaohamisha mafuta ya gari. Jaza mpira maji kwanza, ziba ncha kwa kidole, kisha shusha.

Usijipe moyo kwa rangi, pia. Zile za kahawia, zisizo na mvuto, zinazokuja bure juu ya jiwe ulilonunulia kitu kingine, zimewahi kukutwa na sumu nyingi, huku nyingine zenye rangi za kupendeza zikiwa nayo kidogo au hazina kabisa. Kwa macho huwezi kujua. Kila zoantidi ichukulie kuwa ina sumu.

"Kata tu, utakuwa umemaliza"

Chukua uyoga wa bahari, Discosoma, ule unaokaa bapa kama sahani ndogo juu ya jiwe. Ukiukata kwa wembe unaona kichwa kimetoka kizima na unaridhika. Sogeza macho karibu na kioo: pale ulipokata pamebaki utando mwembamba wa kahawia, umejishika kwenye vitundu vya jiwe. Baada ya majuma machache utando huo umevimba, umepata mdomo katikati, na mara nyingi hautakuwa mmoja. Uyoga huu hata bila wembe wako huzaliana kwa kuacha vipande vya mguu wake nyuma unapotambaa. Capnella, ambao wengi wanauita mti wa Kenya, huangusha matawi wenyewe, mkondo unayabeba, yanaota yanakotua. Xenia, ile inayofumba na kufumbua mikono, hujigawa na kutembea polepole kuufuata mwanga. Polipu za nyota za kijani hutandika mkeka wa zambarau unaopanda jiwe hata kioo.

Ukikata, basi, unazidisha. Kinachofaa ni kuondoa pamoja na jiwe lililo chini ya mguu. Zima pampu ili vipande visisambae. Toa jiwe zima, liweke kwenye ndoo yenye maji ya tangi hilohilo, na kwa patasi ndogo vunja tabaka la jiwe chini ya mnyama, yote ndani ya maji. Mkeka wa nyota za kijani ulio juu ya kioo unabanduka vizuri kwa kadi ya plastiki ukianzia ukingoni, huku mpira wa kunyonya ukiwa pembeni kudaka vipande. Kwa Palythoa nisingevunja chochote. Jiwe lote liende kwenye ndoo, na ndoo iende nje.

Bora zaidi ni kutofika huko. Tangu siku ya kwanza, tumbawe linaloenea liwekwe kwenye jiwe la peke yake katikati ya mchanga, lisigusane na mawe mengine, na kila mwezi uangalie kama limenyoosha mguu kuelekea jirani. Mchanga mtupu wa sentimita 15 unalichelewesha sana, ingawa haumzuii Capnella, ambaye matawi yake husafiri na maji.

"Laini maana yake ni pole"

Hayana mifupa ya chokaa kama matumbawe magumu, kweli. Lakini mengi, hasa Sinularia na Sarcophyton, yanatoa kemikali majini zinazodumaza majirani, na tumbawe gumu linaweza kufifia bila kuguswa na chochote. Ukiona hivyo, mkaa maalumu wa kuchujia maji utasaidia, ukibadilishwa mara kwa mara. Mkaa wa kupikia usiutie.

"Tia dawa, yatakwisha"

Shaba ndiyo iliyoujenga mji huu, na mrututu hapa haukosekani. Ni kweli mrututu umo katika dawa nyingi za magonjwa ya samaki. Ila katika tangi la matumbawe, shaba kidogo tu inaua kamba, konokono, nyungunyungu wa mchangani na matumbawe yote, yale uliyoyachukia na yale uliyoyapenda. Mawe huinyonya na kuirudisha majini polepole, hata baada ya muda mrefu. Tangi lililowahi kutiwa shaba halifai tena kwa urahisi. Kwa sababu hiyohiyo, maji ya bomba au ya foraje (kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine) nisingeyatumia bila kuyapitisha kwenye chujio la osmosisi, maana hujui yamepita kwenye mabomba na ardhi ya namna gani.

Chokaa iliyozimwa, ile safi ya maabara au ya chakula na siyo ya ujenzi, inafanya kazi kwa uyoga mmoja mmoja. Ichanganye na maji kidogo iwe uji, zima pampu, ingiza kwa bomba la sindano mdomoni mwa uyoga, subiri, kisha washa. Vichache kwa siku, kwa sababu chokaa inapandisha pH (kipimo cha asidi ya maji) ya tangi zima, na ikikurukia jichoni inaunguza. Zoantidi usizichome sindano, zitakutemea.

"Kuna samaki anayeyala"

Kamba Lysmata na konokono uchi Berghia wanasifiwa, na sifa yao ni ya kweli kwa Aiptasia, kijianemoni (mnyama wa bahari anayefanana na ua) kinachochoma wenzake. Xenia na nyota za kijani hawazijali. Samaki atakayeonja tumbawe unalolichukia anaweza kuonja na lile unalolitunza. Kuzima taa siku 3 nako hakuyaui matumbawe haya. Yanayoumia kwanza ni yale magumu.

"Toa yote siku moja, upumzike"

Tumbawe laini lililokufa linaoza upesi, linatoa amonia na kula oksijeni. Hebu fikiria umeng'oa nusu ya koloni la Xenia saa kumi jioni, mabaki yametapakaa, kisha umeme unakatika hadi asubuhi. Pampu zimesimama, maji hayasogei. Samaki ndio watakaokufa kwanza, kabla ya matumbawe. Fanya jiwe moja, badilisha asilimia 10 hadi 20 ya maji, weka mkaa mpya, subiri juma, ndipo urudi. Andaa maji ya chumvi siku moja kabla, gramu 35 hivi kwa lita, na uwe na pampu ya hewa ya betri. Bei yake ni ndogo kuliko ya samaki mmoja.

"Nikishatoa, namwaga popote"

Jiwe la Palythoa na maji yake yaloweke kwenye javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo), sehemu 1 kwa 9 za maji, nje penye hewa, angalau nusu saa. Javeli inaiharibu palitoksini, kazi ambayo moto hauiwezi. Usiichanganye na siki wala ndimu, gesi yake inachoma mapafu. Ndoo, patasi na glavu vipite humohumo, kisha uchafu ufungwe ndani ya mfuko usio na tundu, mbali na watoto na mbwa.

Kwenye mito yetu matumbawe hayawezi kuishi, maji ni baridi na hayana chumvi. Lakini kuna wanaobeba vipande kwenda Dar es Salaam kumpa rafiki, au kuvirudisha "nyumbani kwao" baharini. Huko Venezuela, Unomia stolonifera, jamaa wa Xenia kutoka Bahari ya Hindi na Pasifiki, anayedhaniwa kuachiwa na wafugaji wa akwaria, amefunika sehemu kubwa za miamba ya Hifadhi ya Mochima, na matumbawe ya asili yamekosa mwanga chini yake. Jamii ya Xenia ilionekana Puerto Rico pia mwaka 2023. Kipande kisichopata mtu wa kukitunza kikaushwe juani nje, kama si zoantidi, na kikishakauka kabisa kitupwe na takataka.